Siku Mbili za Maji

Nianze kwa kukiri, maana nikizungukazunguka nitajikuta najitetea. Mimi ni mtu mgumu. Kazini waliniita Rudia, na jina lilinifaa. Mtu analeta karatasi yake ya matokeo, sijatazama hata mstari mmoja, tayari nishamwambia: rudia.

Miaka ishirini na miwili meza yangu ilipakana na ya Dokta kwenye maabara ya maji. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha yasiyofunguka na sinki tatu, moja yao inadondosha maji mwaka mzima. Aibu iliyoje, watu wa maji tumeshindwa na bomba letu wenyewe! Dokta alikuwa mpimaji, mimi mhakiki. Chupa zilitujia kutoka visimani, mashuleni, viwandani. Yeye anapima chumvi na madini na uchafu, kisha mimi napima upya kwa mikono yangu, bila kuchungulia tarakimu zake. Zikilingana natia saini ya pili. Bila saini ya pili matokeo hayatoki, hata mwenye kisima aje alie mlangoni. Na yakishatiwa saini, hayaguswi tena. Kubadilisha tarakimu iliyosainiwa, kwetu sisi, ilikuwa sawa na kuiba.

Dokta alikuwa mwanamke mfupi, sauti ya chini, na koti lake jeupe lilimkaa vizuri kuliko makoti yetu sote kwa sababu alishonewa na mumewe. Mume huyo alikuwa fundi cherehani, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Mimi nilimwita shemeji, kwa kuwa Dokta nilimhesabu dada yangu. Alikuwa na mdomo, yule bwana! Akija kumchukua mkewe anasimama mlangoni, maana kuingia hakuruhusiwi, anapaza sauti: "Shemeji, bado mnaonja maji tu? Mimi leo nimeshona suruali nne, nazo zinaonekana. Ya kwenu iko wapi, nionyesheni!"

Tulicheka. Dokta naye alicheka, lakini mimi niliyekaa naye karibu nilijua utani ule unamchoma. Siku moja alimpelekea nyumbani makala yake ya kwanza kuchapishwa, kazi ya miaka minne. Fundi alivaa miwani, akasoma ukurasa mmoja kwa heshima zote, akaikunja, akasema, "Imeandikwa vizuri sana, mama." Kisha akaiweka kabatini pamoja na hati za nyumba. Basi. Hawakuizungumza tena.

Alipostaafu, watu wakadhani atapumzika. Thubutu! Wiki ya tatu alinipigia simu akaniambia anaandika riwaya ya watu wa sayari nyingine. Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Akasema tangu akiwa msichana alitaka kuandika hadithi za namna hiyo, lakini nyumbani kwao aliyefaulu sayansi alikwenda kwenye sayansi, na mambo mengine yakaachwa yasubiri. Yalisubiri miaka arobaini.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna sayari isiyojua mvua. Mwanamke mchimba visima anavaa vazi linalokusanya jasho na pumzi zake na kuzirudisha kuwa maji, anavuka jangwa la chumvi kwa miguu siku ishirini na moja, kwenda kwenye barafu iliyozikwa upande wa pili. Nyuma yake mji mzima unamsubiri. Akifika, atafungua mabomba ya kale na maji yatarudi. Asipofika, ndiyo basi.

Toleo la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa ripoti. Lilikuwa na utangulizi, vifaa, njia, matokeo. Alianza kumsomea mumewe akiwa kwenye cherehani. Fundi akasimamisha mguu, akauliza swali moja tu: "Huyu mtu hana mama?"

Dokta akarudi mezani akampa mchimba visima mama. Hapo ndipo kitabu kilipoanza kupumua. Baada ya chakula cha mchana akawa anasoma kwa sauti, na Fundi anaacha nguo za watu, anasikiliza. Na maoni anatoa! Siku vazi la safari lilipoelezwa alimkatiza: "Hapo utamuua. Mshono wa hivyo unavuja. Kunja mara mbili, ndipo upige." Dokta akaandika vilevile alivyoambiwa.

Kisha siku moja Fundi akamwambia, "Mke wangu, kumbe miaka yote ile ndiyo kazi uliyokuwa ukifanya? Ulikuwa ukihangaika watu wasife kwa maji?" Dokta akasema ndiyo. Fundi akasema, "Mbona hukuniambia?" Siku hiyo Dokta alinipigia simu akilia. Akasema, "Rudia, laiti ningeiandika nikiwa na miaka thelathini."

Sasa njooni kwangu. Nilikuwa nimestaafu pia, niko nyumbani napanga na kupangua rafu za jikoni mpaka mke wangu akaanza kunitafutia safari. Usomaji ule ulikuwa haujaanza bado Dokta aliponiletea sura ya kwanza ya toleo jipya kwenye bahasha, na juu yake amechora vile visanduku vyetu viwili vya saini: mpimaji, mhakiki. "Sitamsomea Fundi sura yoyote mpaka utie saini," akasema. "Nataka iwe ya kuchekesha na kuliza, lakini iwe kweli."

Wee! Nilijiona kijana. Nikatoa kikokotoo, nikatoa vitabu. Sura ya kwanza nilimkuta na makosa manne, ya pili sita. Hewa nyepesi, maji yanachemka mapema, yeye kasahau. Alikuwa anarekebisha, mimi natia saini, ndipo Fundi anasomewa. Sura ikichelewa, Fundi anatuma salamu: "Mwambieni shemeji ngojangoja huumiza matumbo." Mimi najibu, "Mwambieni haraka haraka haina baraka." Ulikuwa mchezo wetu. Sikatai, nilikuwa nikifurahia kusubiriwa.

Ikaja sura ya mwisho. Mchimba visima anafika, anafungua mabomba. Nikaisoma mara moja, machozi yakanilengalenga, nikayafuta, nikachukua kalamu. Maji aliyoondoka nayo ni haya, vazi linarudisha kiasi hiki, kila siku anapoteza hiki. Nikajumlisha. Maji yanamwishia siku ya kumi na tisa. Safari ni siku ishirini na moja.

Nikaandika kwa wino mwekundu: Hafiki. Rudia.

Dokta akarudia, akapata jibu lile lile. Tukakaa kwenye meza yangu ya kulia chakula wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukamtembeza polepole apunguze jasho, tukampumzisha kivulini, tukampunguzia mzigo. Tukiziba hapa panavuja pale. Maji ya siku mbili hayakupatikana. Mke wangu, aliyekuwa akitumiminia chai, akauliza, "Kwani lazima jangwa liwe kubwa hivyo?" Nikamjibu kwa ukali kwamba jangwa liko sura ya tatu, na sura ya tatu ilishatiwa saini. Dokta akaitikia kwa kichwa. Tulikuwa na akili timamu sote wawili, na hakuna aliyeona kichekesho.

Katikati ya mambo hayo, moyo wa Fundi ukaanza kumsumbua. Kwanza ngazi zikamshinda, kisha cherehani. Akalazwa. Madaktari wakasema lazima apasuliwe. Kila Dokta alipomtembelea, Fundi aliuliza jambo moja: yule mchimba visima alifika? Dokta anamwambia bado haijahakikiwa. Nikamuuliza Dokta kwa nini asimwambie tu. Akasema, "Nimwambie leo amefika, kesho hesabu ikatae nimwambie amekufa? Mgonjwa wa moyo?" Nikaona ana haki. Nikamwambia asubiri, nitapata jibu.

Siku moja, saa tano asubuhi, simu yangu ikalia. Alikuwa Fundi, anapiga kutoka wodini, sauti imekwisha lakini utani haujaisha.

"Shemeji, kesho wananifungua kifua. Hawa mafundi wenzangu wanajua kushona, nimewauliza."

"Utatoka tu, shemeji. Una roho ngumu wewe."

"Sikiliza. Mke wangu nimemuuliza, ananizungusha. Wewe umeisoma. Niambie tu neno moja. Alifika?"

Karatasi ilikuwa mbele yangu. Maneno aliyoyaandika Dokta nilikuwa nayaona: mwanamke yule anapiga magoti, anaweka kiganja kwenye bomba, anasikia baridi. Ningeweza kumsomea. Ingechukua dakika moja.

Nikamwambia, "Shemeji, unajua sheria yetu. Matokeo hayatoki bila saini."

Akacheka. "Jamani, hata mimi?"

"Hata wewe. Ukitoka utasomewa yote. Hiyo ndiyo dawa yako ya kukutoa huko."

Nikasikia kitanda cha mtu mwingine kikisukumwa. Kisha akasema, "Haya, Rudia. Mimi nilitaka kujua tu." Akakata.

Kwa muda mrefu nilijiambia nilifanya vile kwa ajili yake, mgonjwa awe na kitu cha kusubiri. Uongo mtupu. Nilifanya vile kwa sababu nilipenda kuombwa. Mtu aliyenitania miaka ishirini kwamba kazi yangu haionekani, leo ananiomba neno moja, na neno hilo liko mkononi mwangu. Nililishika kidogo, nilisikie uzito wake. Ndivyo ilivyokuwa, na sina maneno mengine ya kuipamba.

Fundi hakuamka baada ya kupasuliwa. Binti yao ndiye aliyenipigia simu. Nilikuwa mezani, kikokotoo mkononi.

Wiki ya tatu baada ya mazishi Dokta akaja kwangu. Hakukaa. Akaomba bahasha zote, nikamletea. Akatoa sura ya tatu, yenye saini zetu mbili chini, akachukua kalamu yangu, akatafuta mahali palipoandikwa siku ishirini na moja. Akapiga mstari. Juu yake akaandika kumi na nane.

Mimi nilimtazama na kinywa wazi. Wiki zile zote, na dawa ilikuwa mstari mmoja wa kalamu! Jangwa lilikuwa la kwake. Alilitengeneza mwenyewe, angelipunguza wakati wowote alioutaka, na mke wangu alituambia akiwa na birika la chai mkononi. Lakini sisi tulikuwa watu wa maji ya kweli, na maji ya kweli huyapunguzii safari. Tulibeba sheria ya kule maabara tukaileta mahali isipohitajika, na mtu mmoja aliyekuwa na haraka ya haki tukamweka foleni.

"Ilikuwa hadithi, Rudia," akasema mwishowe. "Hadithi tu." Akazikusanya sura zake, akaenda. Kisanduku cha mhakiki kwenye sura ya mwisho kikabaki kitupu.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Si kinene. Wanafunzi wanakisoma, nasikia, na wengine wamemwandikia barua kumwomba cha pili. Anasema hana cha pili. Anasema alikuwa na msikilizaji mmoja, na alimpata akiwa amechelewa.

Aliniletea nakala yangu mwenyewe. Alikuwa amekonda, na kanzu aliyovaa ilikuwa mpya, ya dukani, imempwaya mabegani. Tukakaa sebuleni. Mke wangu akatuwekea chai, akatuacha. Dokta akawa anazungusha kikombe bila kunywa.

"Kuna kitu kinanitesa," akasema. "Ile siku ya mwisho aliniuliza tena, nikamwambia asubiri. Akasema haya. Akageukia ukutani. Nikienda kulala namwona alivyogeuka."

Nikasema, "Usijitese, Dokta. Hukujua."

"Nilikuwa na woga wa kukosea. Maisha yangu yote ni huo tu." Akafuta uso kwa mkono. "Lakini kitu kimoja kinanipa nafuu. Namba yako alikuwa nayo. Kama kweli kiu ilimzidi, angekupigia wewe. Kwa kuwa hakukupigia, labda hakuwa na shida nayo sana. Labda alikuwa ananitania tu, unamjua alivyokuwa."

Nilikuwa na neno mdomoni, tena lote, na saa aliyonipigia, na jinsi alivyocheka. Akainua macho kunitazama.

"Maana angekuuliza, ungemwambia," akasema. "Pamoja na ugumu wako wote, mtu anayekwenda kupasuliwa kifua, wewe ungemwambia. Si kweli?"

"Ningemwambia," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu, akanywa chai yake yote, akasema sasa atalala. Nilimsindikiza mpaka kwenye lango. Huu ni mwaka wa tatu, anakuja kila mwezi kuniona, na bado hajui.