Jicho la Kufundishia

Daktari Melkizedek alikuwa na adabu, hilo tusimnyime. Kila alipofika kwenye banda la maandazi la Marselina, karibu na stesheni ya Kilosa, alianza na shikamoo. Marselina akaitikia marahaba. Mama huyu ni mtoto wa manamba, vibarua wa shamba la mkonge, kalelewa hivyo. Hajawahi kuacha shikamoo ya mtu bila jibu, hata ya mlevi. Kisha daktari akashusha sauti: "Mama, wiki hii kope usizing'oe. Jumatatu nina wanafunzi."

Uchafu gani huu! Marselina alikuwa na vikope, ule ugonjwa unaokunja kope kwa ndani mpaka nywele zake zinakwaruza jicho kila ukipepesa. Ahueni yake ilikuwa kibano: zikiota anazing'oa, anapumua. Sasa anaambiwa aziache zimchubue wiki nzima, ili madaktari wanafunzi kutoka mjini wazione vizuri. Naye aliziacha, kwa sababu Melkizedek alimwahidi kumpasua na kuzinyoosha, kazi ya muda mfupi tu. Mwaka wa kwanza, uzi wa kushonea haujafika. Mwaka uliofuata, wagonjwa sasa wanachangia matibabu, tusubiri utaratibu. Kisha uzi tena. Biashara zimeachiwa huru, stesheni imejaa redio za Dubai na mitumba ya Ulaya, uzi tu ndio umepotea njia! Na jicho la kushoto limeshaanza kuingia ukungu.

Jumatatu hiyo, hospitalini, wanafunzi walimzunguka. Mmoja mmoja akampindua kope, vidole vingine bado vinanuka samaki wa kukaanga. Kijana mmoja alipoona tongotongo alikunja uso na kujifuta mkono kwenye koti, kisha akaja mwenzake na kushika palepale.

"Mnaona? Mfano safi kama huu hampati kitabuni!" Melkizedek alisema, kama mtu anayenadi fenesi.

Msichana mmoja, Yusrah, akauliza, "Sasa mbona hajapasuliwa?"

Daktari akacheka. "Nikimnyoosha huyu, wenzenu wa mwakani watajifunzia nini?"

Nao wakacheka, juu ya kichwa cha Marselina, utadhani na masikio yake hayasikii. Akafumba macho. Akayabana.

"Fungua, mama."

"Sifungui."

"Wanafunzi hawajamaliza, mama yangu."

"Kutazama wametazama vya kutosha. Leo wafundishe kuponya. La sivyo, leteni bisibisi mnifungue!"

Yusrah akasema polepole, "Daktari, uzi upo. Asubuhi nimeuona kabatini."

Melkizedek akakohoa. Mbele ya darasa zima, akaagiza uzi uletwe.

Kope zikapasuliwa na kushonwa siku hiyohiyo, wanafunzi wakitazama. Jicho la kulia likapona. La kushoto lilikuwa limechelewa: kioo chake kilishakuwa cheupe, na hilo halishoneki. Aliyemwambia ni Yusrah, huku analia. Daktari alikuwa ananawa mikono.

Mwaka ukazunguka. Marselina anachoma maandazi yake, anayaangalia kwa jicho moja, na Melkizedek huyo anakuja, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mama. Hivi hapa mtaani hakuna mwingine mwenye vikope kama vyako? Jumatatu nina wanafunzi."

Marselina alimsikia vizuri sana. Akageuza andazi, akageuza na jingine.

"Shikamoo, mama," daktari akarudia, sauti juu zaidi, akidhani hakusikika.

Wateja wakaacha kutafuna, wakamwangalia Marselina. Yeye akainama, akapuliza moto, akainuka.

"Haya," akasema, akimtazama mtu aliyesimama nyuma ya daktari. "Nani anafuata?"