Karatasi Isiyopasuka

Siku mota ilipofunguliwa tulikuwa watano. Alikuwapo fundi, mwenye karakana. Alikuwapo mzee wa vanishi, mtu wa Bomeni kule Taveta, ambaye kazi yake ilikuwa kuchovya mota na kuzikausha. Alikuwapo msimamizi wa shamba la mkonge lililotuletea mota ile, na dereva wa trekta aliyeibeba. Wa tano nilikuwa mimi, mkata karatasi. Nawataja wote kwa sababu siku ile kila mmoja alikuwa akiitazama mikono ya mwenziwe.

Niliwakumbuka mwezi uliopita, tulipobomoa nyumba ya nyanya hapa Voi. Ndani ya sanduku lake la bati, chini ya leso zake, tulikuta daftari la hesabu la mdogo wangu wa kiume. Panya walikuwa wamekula kurasa za ndani. Jalada lilikuwa zima, halina hata kona iliyochanika. Mwenyewe, ambaye siku hizi anaitwa babu, alicheka. "Dada, karatasi za zamani zilikuwa karatasi!" Mimi sikucheka.

Ngoja nikueleze. Baba na mama walitutoka mwaka mmoja, miaka ile ya sabini, nami nikaacha shule nikiwa darasa la sita. Nilikuwa na wadogo wawili, na nyanya aliyeshuka kutoka milima ya juu ya Wundanyi kuja kukaa nasi. Baba mdogo alikuwa ameshapanga: siku nitakayokosa kazi, mvulana ataenda kuchunga mbuzi wa watu, na msichana atapelekwa Mombasa kulea watoto. Kwa hiyo nilipopata kazi kwa fundi niliishika kama kamba ya kisima.

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba za reli. Ukifika asubuhi ulisikia garimoshi la mizigo likipanga mabehewa, na pua ilishikwa na harufu ya vanishi, kali na tamu kidogo, kama sukari iliyoungua. Mota zilizoungua zililetwa kutoka mashamba ya mkonge na kwenye pampu za maji. Fundi alizitoa waya mbovu na kuzisuka upya kwa waya wa shaba. Lakini kabla shaba haijaingia, kila mfereji ndani ya chuma ulitandikwa karatasi yangu. Haikuwa karatasi ya kuandikia. Ilikuwa ngumu, rangi ya kahawia, inang'aa kidogo upande mmoja, na ilitoka Nairobi kwa treni. Niliipima, nikaikata, nikaikunja kingo. Shaba ikishalala ndani, niliufunga mfereji kwa kabari ya mwanzi niliyoichonga mwenyewe. Kisha mzee aliichovya mota nzima katika vanishi na kuikausha ndani ya pipa lenye makaa.

"Shaba isionane na chuma," fundi alizoea kusema. "Umeme ni mwizi mvumilivu. Utapapasa ukuta mzima ukitafuta ufa mmoja." Alikuwa mtu wa magharibi, aliyewahi kufanya kazi ya reli, na aliwashuku watu vilevile alivyoushuku umeme. Kila jioni alikunja kona ya karatasi ya juu, mkunjo mdogo tu, ili ajue kama imeguswa. Nami nikajifunza kwake. Nilimshuku muuza njugu aliyesimama mlangoni. Nilimshuku jirani aliyekuja kuomba moto. Zaidi ya wote nilimshuku mzee wa vanishi, kwa sababu ya mfuko wake wa kitambaa alioubeba kila jioni na ambao hakuufungua mbele ya mtu.

Na mzee alikuwa mwema kwangu. Aliniita mama. "Wewe mama," alinitania, "utaolewa na mota, na mahari italetwa kwa trekta."

Mota ya mashine ya mkonge ililetwa wakati mdogo wangu wa kike alipokuwa na homa. Fundi akaniruhusu nikakatie karatasi nyumbani. Wiki nzima nilikata mezani, nikikoroga uji kwa mkono mmoja. Kazi ikaisha, mota ikapimwa kwa taa ya kutafuta ufa, ikaondoka. Mvua zilipoanza ikarudi imeungua, nyeusi kama sufuria.

Fundi akaifungua mbele yetu. Akapasua waya, akavuta karatasi. Katika mifereji mingi karatasi ilitoka imeungua kingo lakini ngumu. Katika mingine ilitoka majivu, na kipande kimoja kilichosalia kililegea kidoleni mwake kama mkate ulioloa chai.

"Hii ni karatasi ya kaki ya dukani," alisema polepole. "Mtu amekula karatasi yangu, akaweka kaki."

Msimamizi akacheka kwa hasira. "Fundi, mkonge wangu unaoza, wewe wanipigia hadithi za karatasi?"

"Hapa kuna mwizi," akasema fundi.

Nikaona macho ya fundi yanatoka kwa mzee yanakuja kwangu. Nikawaona wadogo zangu, mmoja nyuma ya mbuzi wa watu, mwingine Mombasa. Mdomo wangu ukafunguka.

"Mimi sijui, fundi. Lakini mzee huondoka na mfuko kila jioni."

Mfuko ukaletwa. Mzee alikataa kuufungua. "Mfuko wa mtu mzima haumwagwi mbele ya watoto." Fundi akaumwaga. Kilianguka kikombe, kisha vipande vya karatasi yetu, vile vyembamba nilivyovitupa kila siku.

"Ni masalio," mzee alisema. Akavua kiatu. Ndani, juu ya soli iliyotoboka, kulikuwa na vipande kama hivyo, vimepangwa umbo la unyayo. Dereva akaangua kicheko. "Kumbe mzee naye ni mota!"

Fundi hakucheka. "Anayechukua kipande atachukua na nzima. Nenda, mzee."

Alivaa kiatu chake taratibu. Alipofika mlangoni aligeukia kwangu. "Mama, ile mota ya pampu iko ndani ya pipa. Saa kumi uigeuze, vanishi isichuruzike upande mmoja."

Niliigeuza saa kumi.

Jumapili yake mvua ilivuja juu ya meza. Nikahamisha madaftari ya mdogo wangu, na vidole vyangu vikajua kabla ya macho. Majalada yalikuwa ya karatasi ngumu. Inang'aa upande mmoja.

Nilipomwuliza nyanya, alikuwa akiponda kimanga cha muhogo na maharagwe. Hata hakuacha mwiko. "Mwalimu alimrudisha mtoto, ati madaftari hayana majalada. Duka lilikuwa na kaki laini tu, nayo mtoto huyu huirarua kwa siku mbili. Nikanunua kaki, kubwa sawasawa na zako. Nikachukua moja yako, nikarudisha moja. Sikuiba."

Hakuiba. Aliirudisha ikiwa mpya, katikati ya rundo, nami nikaikata pamoja na nyingine, jicho langu likiwa kwenye uji. Nilipomweleza yaliyotokea, aliweka mwiko chini. "Nenda ukaseme."

Sikwenda. Nilijua fundi angenifukuza jioni hiyohiyo. Nikakaa kwake miaka tisa, wadogo zangu wakamaliza shule chini ya paa moja. Na kila tulipoketi kula kimanga, hadi mwaka aliokufa, nyanya aliniuliza neno moja tu: "Umesema?" Sasa najua kwa nini alilihifadhi daftari.

Karakana haipo. Pale panauzwa simu, na mota ikiungua watu hununua nyingine. Mwanzi hauchongwi tena, wala sijasikia harufu ile ya vanishi tangu fundi azikwe kwao.

Wiki iliyopita nililivua jalada, nikalitia mkobani, nikaenda Bomeni ili nikaseme. Mzee alikufa zamani. Binti yake, mama mtu mzima, alinipa chai na ndizi. Alisema baba yao aliacha kazi ya Voi kwa sababu ya kifua, vanishi ilimkaba. Hivyo ndivyo alivyowaambia.

"Nawe ulikuwa nani kwake?" aliniuliza.

"Nilikuwa nakata karatasi."

"Ah! Yule ambaye baba alimwita mama!" Akacheka kwa furaha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniongezea chai.

Nikainywa yote. Mkoba ulikuwa magotini pangu. Hakuna aliyeniambia niufungue, nami nilirudi nao Voi umefungwa vilevile.