Kimya cha Kakule Si Uchafu

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu Kasereka, nami nitakusimulia leo nikiwa bado na hasira, kwa sababu nikingoja ipoe nitakuandikia kwa upole, na upole haukufai wiki hii.

Ilikuwa asubuhi, katika ua wa nyumba moja ya Bungulu, pale Beni. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule karibuni, nimepanda lori kutoka Butembo pamoja na kaka yangu Muhindo, baba yako. Muhindo alikuwa fundi wa sauti katika redio moja ya mjini kwetu, kazi ile ile unayoifanya wewe leo, na alikuwa ametumwa kwa mzee Kakule kuomba kanda za kurushwa hewani.

Wewe Kakule ulimjua akiwa mzee sana. Wenzako watakaosoma haya hawakumjua kabisa, kwa hiyo nitawaambia. Alikuwa mpiga saksofoni. Alianza utotoni katika fanfare ya misheni, bendi ile ya matarumbeta inayotangulia maandamano ya sikukuu. Akaenda Kinshasa kupigia watu dansi. Kutoka huko akaenda Ulaya, akaingia katika jazi ya wale waliochoka kupiga walivyofundishwa. Alirudi kwetu na mvi kichwani na saksofoni iliyofungwa kwa raba za baiskeli, na tangu hapo hakuacha kurekodi. Alirekodi na kwaya. Alirekodi na mashine ya jirani ya kusaga mihogo. Alirekodi mvua juu ya mabati, yeye akiwa chini yake anabishana nayo. Alikwenda Mavivi akasimama kando ya uzio wa uwanja wa ndege, akajibizana na injini mpaka askari akaja kumfukuza: "Papa, longwa! Unasumbua ndege!" Kanda hiyo ipo. Sauti ya askari imo ndani yake, na Kakule anamjibu kwa saksofoni, tena kwa adabu.

Basi nyumba ile ilijaa kanda, kwenye rafu, chini ya kitanda, ndani ya masufuria yasiyopikiwa. Mimi, ambaye nilikuwa nasoma kila kitabu kilichoingia Butembo na kudhani nimeshaelewa dunia, nilizitazama nikauliza swali ambalo wewe umeniuliza juzi.

"Muzee, hizi zote, mutu anaanzia wapi?"

Alichukua kanda moja, akaitia katika redio yake, akaketi.

Tulisikia saksofoni ikitoa sauti moja. Moja tu. Mara ililia, mara ilikwaruza kama mlango mzito, mara ilikuwa pumzi tupu. Kisha kimya. Kisha sauti ile ile, fupi. Kisha kimya kirefu hata kuku wa uani wakasikika vizuri kuliko kanda. Iliendelea hivyo upande mzima. Kaka yangu alikuwa ameinamisha kichwa, na ilipokwisha alisema kwa heshima yote ya kazi yake:

"Muzee, kanda ni muzuri. Mais iko na matundu mingi. Kwa redio, kama kunanyamaza kidogo tu, batu ya Butembo banafikiri vita imeingia. Donc nitakata matundu, nitaunganisha vizuri."

"Utakata nini?"

"Ile pahali hakuna kitu."

Kakule alisimama. Hakuwa mtu mrefu, lakini nilijikuta narudi nyuma.

"Hakuna kitu? Wee Muhindo, ukienda kula kwa mama yako, ukute kiti ya baba yako haina mutu, utaitupa inje juu haina mutu?"

"Hapana, muzee."

"Juu ya nini?"

"Atarudia nyumbani."

"Bien. Sasa kaa, nikuambie ni nani atarudia."

Akatueleza. Alizaliwa Kasugho, huko ambako mashamba yanaingia msituni. Wazee wa huko walikuwa wakipiga eluma, yaani filimbi za mwanzi ambazo kila moja ina sauti moja tu, na kila mtu anashika yake. Hakuna mpigaji anayeweza kuimba wimbo peke yake. Wimbo unapita kutoka kinywa hadi kinywa; ukitoa sauti yako unanyamaza, unamwachia wa pembeni, unangoja zamu yako irudi. Kakule alipewa filimbi ya katikati. Rafiki yake Paluku alipewa ile nzito ya chini. Kisha miaka ya vita ikaja, ile mnayoijua ninyi pia kwa sababu bado haijaisha, na wale wapigaji wakatawanyika, wengine kaburini, wengine mahali pasipojulikana.

"Minazunguka dunia yote na hii chuma," alisema, akiipiga saksofoni kofi, "iko na sauti yote ndani. Minaweza piga ya Paluku, minaweza piga ya kila mutu. Hapana! Mimi napiga yangu. Ile unaita matundu ni pahali yao. Benye kufa, Mungu anabajua. Lakini Paluku iko muzima, iko Kasugho analima. Siku moja atasikia hii, atatia yake." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe binti ya kusoma vitabu, uliuliza mutu anaanzia wapi. Anaanzia pale mwenzake bado iko na nafasi."

Tulirudi Butembo na kanda ile. Baba yako hakuikata. Asubuhi moja aliirusha hewani yote, na kimya chake chote. Sisi nyumbani tuliona jirani mmoja akianza kutoa godoro kitandani ili alifunge kwa safari. Mkurugenzi wa redio alifika mbio akiwa na sabuni kwenye ndevu.

"Muhindo! Redio imekufa?"

"Hapana, patron. Inangojea Paluku."

"Paluku ni nani? Anatumika kazi hapa?"

Mjini walicheka maneno hayo mwaka mzima. Kaka yangu hakucheka, kwa maana alifukuzwa siku ile ile, na tangu hapo hadi kufa kwake aliuza vipuri vya pikipiki. Umekulia kati ya minyororo na taa za pikipiki, Kasereka, na hukujua kwa nini. Sasa unajua. Lakini jua na hili: huko Kasugho, mtu mmoja alikuwa anapalilia karibu na redio ndogo ya jirani, akasikia sauti aliyokua nayo tangu utotoni, akaacha jembe, akakimbia nyumbani kuchukua filimbi yake. Paluku alikwenda mwenyewe mpaka Bungulu kumwambia Kakule, na njiani akapita Butembo kutuambia sisi. Kila kimya kilipofika, alitia yake. Alisema hakugongana na Kakule hata mara moja.

Haya. Nimefika Jumamosi iliyopita.

Uliona vizuri watu waliojaa ule ua siku ya kuondoa matanga ya Kakule. Misa ilikuwa imekwisha, chakula kimeliwa, na wewe ulikuwa umeleta bafle zako kubwa za kutolea sauti pamoja na simu uliyohamishia zile kanda. Familia ilikupa kazi hiyo kwa kukuamini. Uliona pia mzee mmoja mwenye koti la kahawia aliyeketishwa mbele, karibu na mjane, mama Masika? Huyo ndiye Paluku. Alisafiri kutoka Kasugho na mwili wake ule wa uzee, na filimbi yake ameifunga ndani ya sashe ya plastiki ili isilowe. Hukumsalimia. Ulikuwa unashughulika na nyaya.

Ukatangaza kwamba utapiga kanda ya Kasugho, ile ile aliyoirusha baba yako. Nikamwona Paluku anafungua sashe. Anafuta filimbi kwa shati. Anaiweka mdomoni, anangoja.

Ikaanza, nami nikadhani simu imeharibika. Sauti za Kakule zilikuja zikifuatana bila pumzi, moja juu ya mgongo wa nyingine, kama mbuzi wanaoteremshwa kutoka garini. Vijana wakasimama. "Jazz ya moto!" walipiga kelele, "Kakule na biso!" yaani Kakule wetu, wakacheza wakijipiga picha. Na mzee yule aliinua filimbi, akaishusha. Akaiinua tena. Aliinamisha sikio upande wa bafle, akitafuta mlango katika ukuta ambao wewe ulikuwa umeujenga kwa kidole kimoja. Mwishoni aliirudisha ndani ya sashe, akaikunja vizuri.

Kisha akaniuliza, mimi niliyekuwa karibu naye: "Mama Kahindo, Kakule alikufa na kasirani na mimi?"

"Juu ya nini, muzee?"

"Aliondosha pahali yangu."

Nina umri wa kutosha na nimesoma vya kutosha, na bado nilikosea. Nilidhani Kakule mwenyewe ndiye aliyeibadilisha kabla hajafa. Nilikaa siku nzima na wazo hilo baya juu ya marehemu. Ndipo Jumatatu ukaniandikia, kwa furaha: "Tantine Kahindo, batu banaomba niweke kanda za muzee mu WhatsApp. Nianzie na gani? Nimesafisha zote, matundu haiko tena. Nikimaliza nitatupa zile makasete, zinajaza studio."

Nimesafisha! Nani alikuambia kwamba ni uchafu? Ulipewa kazi ya mtu aliyeishi miaka yake yote akijizuia asichukue nafasi ya mwenzake, ukaichukua wewe, hukuuliza hata mtu mmoja. Baba yako alipoteza kazi kwa ajili ya kimya hicho. Wewe umekifuta huku unakunywa soda. Usiniambie kwamba hukujua. Hukujua kwa sababu hukusikiliza hadi mwisho hata kanda moja, na kwenye kanda ya Kasugho Kakule ameyasema yote kwa kinywa chake, upande wa pili, pale ambapo mashine yako iliona hakuna muziki ikapitiliza.

Na kizazi chako chote kisikilize, kwa kuwa si wewe peke yako. Mnashika kazi ya mtu mnatafuta mahali palipo na joto, mnakata kipande cha dakika moja, mnakirusha kwa wenzenu, kisha mnasema tunamjua huyu. Hata msiba mmeanza kuukata hivyo. Kijiji kikishambuliwa, mnarusha kilio cha mama mmoja, hamngoji kusikia anamwita nani.

Sasa nitakujibu swali lako, kwa maana swali lenyewe si baya.

Kuna watakaokuambia uanze na diski aliyotengeneza Kinshasa, ile ya rumba, kwa sababu ni nyepesi. Usianze nayo. Hiyo aliipiga akiwa na njaa, na atakayeanza hapo atamtafuta Kakule wa dansi katika kanda nyingine zote na kumlaumu kwa kutokuwamo. Wengine, wale wanaopenda kuonekana, watakusukuma uanze na ile ya Mavivi na ndege zake, ili waseme wamevumilia. Hiyo nayo ingoje. Ni kanda ya mtu anayetania, na huwezi kucheka na mtu ambaye hujakaa naye. Ile ya mvua iache mpaka mvua inyeshe kweli.

Anza na ya Kasugho, mwanangu, nzima. Usiisikilizie sikioni peke yako barabarani. Keti na mtu. Kimya kikifika, usitazame simu. Jiulize nafasi hiyo ni ya nani, na kama yu hai, mbona hayupo hapo. Ukishaweza kuvumilia hilo, kanda nyingine zote za Kakule zitakufungukia, kwa maana katika zote anafanya jambo hilo hilo: anatoa yake, kisha anangoja, iwe ni kwaya, au mashine ya mihogo, au askari mwenye hasira.

Na kabla ya kumtumia mtu yeyote kitu chochote, haya ndiyo utakayofanya. Kasete hata moja isitupwe. Futa ulichosafisha. Chukua kasete ya Kasugho pamoja na redio ya kasete, si simu, upande pikipiki mpaka kwa mzee Paluku. Usijieleze sana, wazee huchoshwa na maelezo. Mwambie, "Muzee, ni mimi niliondosha pahali yako, hapana Kakule." Kisha bonyeza, uketi chini, unyamaze. Nenda wiki hii. Nimemwona akishuka ngazi za kanisa, na pumzi yake si ya kuachwa ingoje.

Na akikubali, rekodi wakati anapotia yake. Hiyo ndiyo utakayowatumia wenzako kwanza.

Mungu akufikishe Kasugho salama na akurudishe salama, njia isikudhuru, wala watu wa njiani. Akupe masikio ya baba yako na ukaidi wake. Na siku utakapokosekana mahali, mwanangu, awepo mtu atakayekuachia nafasi yako wazi, na asiwepo wa kuisafisha.