Moshi Ukigeukia Mlimani

Louis na mkewe Marcelline walipohamia nyumba ya pili katika parseli yetu, kiwanja chetu cha mtaa wa Saio, sikuhitaji tena saa ya kuniamsha. Ukuta unaotutenganisha ni wa miti na udongo, na Louis ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya maji. Saa kumi na moja alfajiri simu yake ilikuwa inalia, naye anaanza kupiga kelele kana kwamba anataka Ziwa Albert limsikie kutoka hapa Bunia bila msaada wa simu.

"Moshi iko naenda wapi? Nauliza moshi! Milima ya ng'ambo unaiona? Lowanisha sikio, geuka pole pole, uniambie baridi iko upande gani!"

Kisha anasikiliza, halafu anatoa hukumu kwa wavuvi wa kwao. Siku njema: "Muende bote!" Siku mbaya: "Mubaki!"

Nililalamika, sitaficha. Mimi ni mshonaji, jioni nalala miguu ikiwaka kwa kukanyaga mashine, na sikuona kwa nini nishiriki uvuvi wa watu. Nikamwambia Marcelline, "Mama Patricia, bwana yako anavulia samaki kwenye kichwa yangu." Alicheka sana, kesho yake akaniletea samaki wawili wa moshi ili anifunge mdomo. Nikafungwa.

Louis alizaliwa pwani, na kwa miaka zaidi ya ishirini alivua kwa ndoano katika mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, ule ambao mvuvi anapiga magoti ndani yake na wimbi moja la ubavuni linatosha kumpindua. Mtu wa mtumbwi wa namna hiyo hawezi kupigana na upepo. Inampasa aujue kabla haujafika, na Louis aliujua. Watu walizoea kutazama kwanza mlangoni kwake. Akitoka na kasia nao wanatoka, akitoka na kikombe cha chai wanarudi kulala. Halafu lori alilopanda likapinduka kwenye mteremko wa kushuka ziwani. Mgongo ukaharibika, magoti yakakataa kukunjwa, na akaja Bunia karibu na waganga wa hospitali, akawa anatengeneza redio na taa za sola kwenye meza mbele ya nyumba.

Mtumbwi aliuachia Blaise, mdogo wake Marcelline. Hakumwachia shemeji tu, alimwachia mtoto wake. Blaise alifika kwao akiwa na miaka tisa, baada ya wazazi kufa, na Louis ndiye aliyemvalisha, akamsomesha mpaka mtoto mwenyewe akachoka na shule, akamfundisha maji. Aliniambia mara nyingi jinsi alivyomshika sikio lake dogo na kulipaka maji ya ziwa, amfundishe kusikia upepo kwa ngozi.

Hata mimi nilifundishwa, kwa bei ya kuvumilia kelele. Pwani, wanawake wanaokausha samaki huwasha matanuru kabla ya wanaume kuamka. Moshi ukilala kuelekea majini, ni upepo wa nchi kavu, upepo mpole, unakusukuma ukiwa unakwenda, na kufikia saa tatu upepo wenyewe umekufa. Moshi ukisimama wima, ngoja kidogo. Lakini moshi ukigeukia mlimani wakati jua halijatoka, upepo wa ziwa umekuja mapema, na nyuma yake kuna mwingine mkubwa. Na milima ya Uganda ikionekana karibu mno, kana kwamba imesogea usiku, rudi ukalale. Nilianza kuanika nguo za wateja kwa kumuuliza Louis, na hakunikosesha hata mara moja.

Sasa kuna desturi yao moja ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyotuua. Kwao pwani, neno la kuingia majini hupokelewa na mtu mmoja, naye ndiye anayelipeleka kwa wengine. Wanasema wakilipokea watu kumi watabishana mpaka jua lipande, na kila mmoja ataondoka na upepo wake. Simu wanazo, wengi tu. Lakini Louis mwenyewe ndiye aliyeagiza: mmoja anipigie, mmoja apeleke. Akamchagua Blaise. Angemchagua nani mwingine?

Baada ya Pasaka Marcelline akaanza kurudi kutoka sokoni akilalamika kwamba samaki wa upande wao wamepungua, wanawake wa ziwa wanasema wanaume hawaingii majini.

"Juu ya nini hawaingii?" Louis aliuliza, bisibisi mkononi. "Wiki muzima ziwa iko muzuri."

"Batu banachoka pia," Marcelline akasema.

Louis akacheka, akarudi kwenye redio yake. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Mimi pia nilisikia, na sikushtuka, nilikuwa nahesabu vifungo vya shati la mtu.

Asubuhi moja ya Juni alipiga kelele tofauti. "Mubaki! Blaise, uko nasikia? Mubaki! Ambia bote, hata mutu moja asiingie!" Alirudia mara tatu, kisha akatoka nje na kukaa akitazama mawingu upande wa mashariki, chai ikapoa mkononi. Saa sita habari ikafika. Mitumbwi minne iliingia majini, mitatu ikarudi. Aliyebaki ziwani ni Gaël, kijana mwenye watoto wawili, mume wa Hélène, mmoja wa wale wanawake wa matanuru.

Tulishuka ziwani kwenye matanga, Louis ameketishwa mbele kando ya dereva na mto mgongoni. Nilikwenda kwa sababu jirani huenda. Louis alikuwa anasema peke yake njiani, "Nilisema babaki. Juu ya nini hawakunisikia?"

Pale matangani wanaume walimpa mkono wakitazama pembeni. Watu aliowafundisha! Tulikaa kwenye turubai pamoja nao muda mrefu, na hakuna aliyesogea karibu naye. Mwishoni Hélène mwenyewe akaja, kanga imefungwa kiunoni, macho yamevimba.

"Papa Patricia," akasema, "siye tulikuheshimu sana. Lakini tangu Pasaka ulituambia tubaki. Leo mubaki, kesho mubaki, na ziwa inalala kimya mbele yetu, watoto banalia njaa. Ile siku ukasema tena mubaki. Gaël akacheka. Akasema Muzee Louis alisahau ziwa, anasikia upepo ya Bunia tu. Akaenda."

Basi nikasimama mimi, ambaye hata si mtu wa kwao.

"Hapana!" nikasema, na sikujali kama ni matanga. "Miye ninalala ukuta moja na huyu mutu. Kila asubuhi anatuamsha, parseli yote. Tangu Pasaka alisema mubaki mara ngapi? Haifiki tano! Kila siku ni muende bote, muende bote, mupaka nilitaka kumutupia kiatu. Muulize bibi yake. Muulize batoto bangu."

Vichwa vyote vikageuka kumtafuta Blaise. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa jiko, na alipoona tumemwona akaanza kukwangua udongo kwenye kisigino chake.

Hakukataa hata kidogo. Ndilo lililoniudhi kuliko yote, jinsi alivyosema kwa sauti ya kawaida. Samaki wamepungua, alisema. Wakiingia wote hakuna anayepata. Kwa hiyo siku njema aliwaambia wenzake kwamba Louis amekataza, yeye akadai anakwenda tu kukagua ndoano zake kwenye matete. Kumbe akishazunguka mwamba anakwenda kilindini peke yake, na samaki anawauza pwani nyingine. "Lakini ile siku niliambia batu ukweli," akasema. "Louis alisema babaki, na miye nikasema babaki. Sikuua mutu."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulikuwa mchafu. Siku hiyo alilifikisha neno kama alivyolipokea, lakini neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuoza mikononi mwake.

Marcelline alilia kwa aibu ya ndugu yake. Louis alimgeukia yule kijana, akasema, "Ungeniibia mutumbwi, ningekupa na kasia. Ungeniomba uende peke yako, ningekuombea kwa wenzako. Weye ulikamata mudomo yangu. Sasa niko na nini ingine, Blaise? Mugongo? Magoti?"

Blaise hakuomba msamaha. Alisema atapeleka samaki kwa Hélène, na akaondoka nyuma ya jiko.

Wanaume walitaka mtumbwi uchomwe. Louis akakataa, Blaise ana watoto na watoto hawakudanganya mtu. Aliomba jambo moja tu, kwamba kuanzia siku hiyo neno lipokelewe na Hélène, kama Hélène atakubali. Yeye ndiye anayewasha moto kabla ya wote, alisema, na moshi unaoulizwa ni wa kwake. Hélène alifunga upya kanga yake kiunoni. Kisha akasema, "Nitakupigia."

Kwa siku nane alipiga. Siku ya tisa simu ililia mapema kidogo. Mimi nilikuwa uani nawasha makaa, Louis ameketi nje kwenye benchi lake, simu imefunguliwa sauti kwa sababu mtandao ulikuwa mbovu. Haikuwa sauti ya Hélène.

"Shemeji," Blaise akasema, kana kwamba hakuna kilichopita kati yao. "Niko tayari kuingia. Ziwa iko namna gani?"

Niliacha kupuliza moto. Nilijua ninachotaka Louis ajibu, hata kama upepo ulikuwa mbaya, na naona haya kukiandika, lakini nilikitaka.

Louis alivuta pumzi. "Moshi iko naenda wapi?"

"Kwa mulima."

"Na jua?"

"Bado."

"Milima ya ng'ambo?"

"Iko karibu. Naona hata miti."

"Baki," Louis akasema.

Nilisikia simuni mawimbi madogo kule pwani, yakipiga mchanga haraka haraka. Kisha Blaise akauliza, taratibu, "Unasema kweli, ao unanifanyia ile nilifanyia wenzangu? Juu leo maji haiko mubaya hapa."

Nilimwona Louis. Katika matanga yote sikuona uso ule. Huyu mtoto ambaye Louis alimlisha, akamshika sikio, alikuwa ameketi kule akipima kama Louis anaweza kumdanganya kuhusu upepo. Alimpima kwa kipimo chake mwenyewe.

"Baki," Louis akarudia.

"Tutaona," Blaise akasema, na simu ikafa.

Louis akampigia Hélène. Vidole vilikuwa vinakosea namba, nikamsaidia. Akamwambia: "Hélène, najua naomba nini na naomba nani. Blaise anaingia majini. Mukataze."

Tulisimuliwa baadaye na Marcelline, naye alisimuliwa na wanawake wa samaki. Hélène hakubishana na Blaise. Alimbeba mtoto wake mdogo mgongoni, akaenda moja kwa moja kwenye ule mtumbwi ukiwa bado mchangani, akaingia, akaketi. Blaise akafoka, akamvuta mkono, akamwambia anampotezea samaki. Hélène akaketi tu, mjane wa mtu aliyekufa kwa uongo wa yule yule Blaise, amejibana kati ya ndoano zake. Saa moja kasoro upepo ulifika. Ulilaza matete yote, ukang'oa manjanja, yale mabati ya paa la kanisa dogo, na mtumbwi mwingine uliokuwa umefungwa vibaya ukaburutwa na kuvunjika kwenye mawe.

Blaise yu hai. Anavua. Simu hakupiga tena, wala ya asante. Nikimtaja, Louis hutafuta kitu cha kufanya na bisibisi yake. Mara moja tu aliniambia, "Mama Ornella, samaki naweza kusahau. Lakini aliamini naweza kumutuma afe." Akasimama kwa shida, akaingia ndani.

Hélène bado anapiga kila alfajiri, na mitumbwi inaingia na kurudi. Ila mimi sasa natumia saa ya simu kuamka. Louis hapigi kelele tena. Anaongea chini chini, kama mtu anayeogopa kuibiwa maneno, na ukuta wetu ule mbovu unanipitishia kidogo tu. Namsikia akiuliza moshi, akiuliza milima, akitoa neno lake. Halafu hakati simu.

"Rudilia," anasema. "Miye nilisema nini?"

Hélène anarudia. Louis anamuuliza tena.