Jina la Mume Wangu Kwenye Marejeo

Mume wangu huandika vitabu vya maelekezo ya lifti: ibebe mzigo kiasi gani, breki zikaguliwe lini, mlango ukikwama ufanyweje. Kazi kavu, lakini anaipenda hadi inaudhi. Ukimwambia kesho kuna mvua, atakuuliza nani kasema. Nimeolewa na polisi wa maneno, nimeshazoea.

Ofisi anakofanyia kazi ni ya mjomba wangu. Nyumba tunayokaa ni yake pia. Tukikaanga vitunguu huku juu, yeye chini anajua tunakula nini.

Safari hii kitabu kilikuwa cha lifti ya hospitali ya uzazi. Namba ya mzigo ilikuwepo, ila mume wangu akataka kujua nani aliyepima. Ripoti aliyopewa ilitaja ripoti nyingine. Hiyo nyingine ikataja mwongozo wa zamani. Akaufungua mwongozo, ukamrudisha kwenye ripoti ya kwanza. Waandishi wanatajana tu, hakuna hata mmoja aliyegusa lifti.

"Wanazunguka kama mbuzi kwenye kigingi," akaniambia, "na mimi nimefungwa nao."

Akamwomba mjomba lifti ipimwe. Mjomba akacheka.

"Baba, namba hiyo inatumika miaka yote, hakuna aliyekufa. Unataka chanzo? Nitakupa chanzo."

Kitabu kiliporudi kutoka kwa mchapaji, kwenye marejeo, penye ile namba, palikuwa na jina kamili la mume wangu na maneno "vipimo vya mwandishi". Damu ilinichemka.

"Shuka ukamwambie afute," nikasema, "la sivyo nashuka mwenyewe."

"Halafu tulale wapi, mama watoto?"

Mdomo wote huu nilionao, na sikushuka. Niliona aibu, na niliogopa.

Hata hivyo alishuka. Mjomba akamjibu kwamba vitabu vimeshasambazwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo mume wangu hali vizuri, halali vizuri. Mdogo wangu alipojifungua hospitali ileile, tulipanda ngazi hadi juu kabisa, mimi na mikoba yangu nikihema, mume wangu akigeuka kila ghorofa kuwatazama watu wanaojazana kwenye lifti.

Mwezi uliopita kikamfikia kitabu cha ofisi nyingine kabisa, watu asiowajua. Lifti nyingine, namba ileile. Akafungua marejeo akakuta jina lake, limeandikwa kwa usahihi, hata nukta haikukosewa. Akawapigia simu palepale, nami nimekaa pembeni.

"Namba hiyo sikuipima mimi," akasema.

Aliyepokea alikuwa na adabu zake.

"Lakini jina ni lako, mzee?"

"Ni langu."

"Na kitabu tulichokinukuu, kimetoka ofisini kwenu?"

"Kimetoka kwetu."

"Basi sisi chanzo tunacho. Wewe unacho kinachosema vingine?"

Mume wangu akanitazama, simu iko sikioni.