Kompyuta ya Kwenda Nayo Wamaza

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza chuo ilikuwa ya kuzunguka kwa pikipiki kati ya Kasongo na Kabambare, nikiandika habari za mashamba ya watu. Kabla mshahara wa kwanza haujafika mkononi nilikuwa nimeshajua utanunua nini: kompyuta ya kubeba, yangu mwenyewe. Miaka yote ya chuo niliandika kwa kompyuta za kuazima, na filamu nilizitazama kwenye simu yenye ufa katikati ya kioo, hata nikazoea kuona kila mwigizaji ana kovu usoni. Sasa ningekuwa na filamu zangu na muziki wangu katika kijiji chochote ambako kazi ingenilaza. Nikiwaza hilo, moyo ulinidunda kama wa mtu anayekwenda kuposa.

Ningeweza kuinunua kwa siku moja, kama si bibi.

Bibi yangu, mama yake mama, anaishi kijiji cha Wamaza. Dada yangu alipoolewa Kasongo, bibi hakuweza kuja. Goti lake halivumilii tena pikipiki, na kwa miguu ni mbali. Badala yake alituma mkeka. Aliusuka mwenyewe kwa miezi kadhaa, macho yakiwa yameshaingia ukungu, akautilia ukingo wa rangi nyeusi, akampa mtu wa pikipiki pamoja na neno moja: maharusi waukalie. Katika ukoo wetu mkeka wa bibi ndio unaomkalisha bibi harusi mbele ya wakwe zake. Halafu mtu mmoja akarudi Wamaza kutoka harusini na kumwambia kwamba mjini watu walikanyaga zulia jekundu, na mkeka yeye hakuuona.

Bibi hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba kama hawakukalia mkeka wake hawajaoana, na kwamba kijana aliyemwoa dada asikanyage uani kwake mpaka yeye mwenyewe aone kwa macho. Miezi mitano ilikuwa imepita hivyo. Kila Jumapili dada alinipigia simu akijifanya anauliza habari za kazi, na mwishoni, kwa sauti ndogo, akasema, "Na bibi?"

Filamu ya harusi nilikuwa nayo kwenye flashi, karibu saa tatu nzima. Mkeka umo. Unaonekana kuelekea mwisho, wakati dada amekalishwa uani kwa wakwe, na unaonekana kwa muda mfupi tu. Basi kompyuta niliyoitafuta haikuwa tena ya kunistarehesha mimi peke yangu. Ilitakiwa iwe nyepesi, kwa sababu ya barabara. Ilitakiwa iwe na batri ya kudumu, maana sola za Wamaza zinachaji simu na kuwasha taa, basi. Na ilitakiwa iwe na kioo ambacho macho yenye ukungu yangeweza kutofautisha ndani yake uzi mweusi na uzi mweupe. Niliandika haya yote kwenye daftari, nikayapanga, nikayapangua, nikaota ndoto nimenunua redio.

Mwenye duka alikuwa mtu wa Kivu, aliyekuja kufuata dhahabu akaona afadhali kuwauzia wachimbaji kuliko kuchimba. Mara ya nne niliyoingia wiki hiyo, hakuinuka kwenye kiti.

"Lisansie," alisema, maana alishajua nimetoka chuo, "leo pia umekuja kusalimia mashini?"

"Leo nanunua."

"Jana pia ulisema vile."

Zilikuwa zimebaki mbili kwenye daftari langu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, pana kama sinia. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kijivu, ukiifunga unaweza kudhani ni kitabu cha nyimbo za kanisani. Zote zilikuwa zimetumiwa na watu wengine nchi za mbali, kwa hiyo batri ya kila moja ilikuwa na siri yake.

"Chukua kubwa," alisema. "Ile iko sinema. Hii ndogo ni ya watu wa ofisi, wasiocheka."

Nilichomeka flashi kwenye ile kubwa, nikaisogeza filamu mpaka kwenye mkeka. Sauti ya ngoma ikajaa dukani. Mama mmoja aliyekuja kununua betri za tochi akatua beseni lake chini. Vijana wawili wenye matope ya machimbo kwenye buti wakaingia, wakabaki wamesimama nyuma yangu.

"Huyu bibi harusi ni nani yako?" mama akauliza.

"Dada yangu."

"Mbona ananuna?"

"Hanuni, mama. Ni viatu."

"Ah, viatu! Mimi pia ya kwangu vilinitesa. Rudisha pale yule muzee anacheza."

Nikarudisha. Yule mzee ni mjomba wangu, naye hachezi vizuri, lakini kwenye kioo kikubwa alipendeza. Vijana wa machimbo wakacheka, wakaomba tena. Mwenye duka akafunika uso kwa mikono. "Lisansie, unanunua ao unaoza dada mara ya pili?"

Tatizo la ile kubwa lilikuwa mkeka wenyewe. Kioo kiliuonyesha kama uji uliomwagika, na ukingo mweusi ulikuwa kivuli tu. Nikahamishia flashi kwenye ile ndogo, nikasimamisha picha palepale. Nyuzi zikaonekana, moja moja. Nilipiga kelele ambayo ilinitia aibu.

Bado sikununua. Niliitoa juani nione kama kioo kinasomeka. Niliifunga kifuani kwa koti, nikakaa kwenye benchi la duka, nikajirusharusha kama mtu aliye nyuma ya pikipiki. Vijana wa machimbo wakaniigizia mlio wa injini. Niliiacha iwake bila umeme huku nikingojea, tukaitazama harusi tangu mwanzo, mama wa betri za tochi akiuliza majina ya watu, mpaka nikawa na hakika kwamba batri inaweza kuimaliza filamu na kubakiza kidogo.

"Ndogo," nikasema, nikalipa.

Nilipofika kona ya barabara nikaingiwa na wasiwasi: Wamaza watakuja watu wangapi? Nani ataona kwenye kioo cha ukubwa wa daftari? Nikarudi. Mwenye duka aliniona kwa mbali akashika mlango. "Ukiingia, nafunga. Nenda, Lisansie. Mashini iko muzuri. Nenda!"

Nilikwenda nikiwa nacheka peke yangu njiani, nimeikumbatia.

Safari ilianza Jumamosi kabla jua halijapanda, batri ikiwa imejaa kabisa. Mama aliifunga kompyuta kwa mfuko wa plastiki, kisha kwa kitenge, akanifungia kifuani. Motari, yaani dereva wa pikipiki, mtu mzima anayeijua njia ile kuliko kitanda chake, alinitazama. "Mutoto ana miezi ngapi?"

Tulipofika Lusangi, yeye akinywa chai, nilifungua kitenge, nikafungua plastiki, nikaiwasha nione kama imeumia. Haikuumia. Tulipovuka mto mmoja ambao magogo ya daraja yalikuwa yamesogea, nikaiwasha tena. Baada ya kushuka kilima chenye mawe, tena. Mara ya tano motari akazima injini, akanigeukia.

"Unaangalia nini humo?"

"Naangalia kama batri bado iko."

"Na kila ukiiangalia, haipungui?"

Robo nzima ya batri nilikuwa nimeimaliza kwa kuhakikisha kwamba haijaisha. Njia iliyobaki niliitumia kupiga hesabu, na kila nilivyoipiga, mkeka uliangukia karibu sana na mwisho wa batri.

Bibi alitusikia kabla hatujamwona. "Bwana yangu amefika!" alipaza sauti kutoka mlangoni. Ndivyo anavyoniita tangu nilipozaliwa, naye hujiita mke wangu mkubwa. "Amefika bila nyama! Ni bwana gani huyu?"

"Bibi, nimekuletea ndoa ya dada."

"Iko wapi?"

"Humu."

Akaipapasa kompyuta juu na chini. "Kwenye hii sahani?"

Tuliingia ndani, tukafunga madirisha ili mwanga usitushinde. Nilikuwa nimewaza watu kumi. Walikuja nusu ya majirani, na waliokosa nafasi wakasimama mlangoni. Niliiweka kompyuta juu ya meza, nikaongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho. Watu wa mbele wakaona, wa nyuma wakaona migongo, na bibi akaona moshi.

"Sioni kitu," alisema. "Nipe."

Akaichukua, akaipakata mapajani kama mtoto wa kunyonya, akainamisha uso mpaka kati ya pua yake na kioo pakabaki upana wa kiganja. Hapo akatulia. Hapo pia hakuna mtu mwingine aliyeona chochote isipokuwa kitambaa chake cha kichwa.

"Na sisi?" watu wakalalamika.

"Ninyi macho munayo kila siku. Leo ni zamu yangu. Nyamazeni, nitawaambia." Na akaanza kuwasimulia. "Sasa wanaingia. Baba yake amevaa suti ya mutu mwingine. Mama yake analia, anajua atakosa wa kumuchotea maji. Ah, huyu ni wa kule Kabambare, wa mguu mufupi! Kumbe iko hai? Simamisha, nimusalimie."

Nikasimamisha. Akamsalimia kwa jina, akauliza habari za watoto, akangoja kidogo, kisha akaniruhusu kuendelea. Baada ya dakika mbili akamwona mwingine. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, lakini jicho langu lilikuwa kwenye pembe ya kioo, ambako batri ilikuwa ikipungua kwa salamu kama vile kwa harusi.

"Bibi, turuke kidogo mbele."

"Kuruka? Watu wamepika, wamevaa, wamechanja kuni, mimi niwaruke?"

Tulikuwa katikati ya filamu alama ya batri ilipogeuka nyekundu. Bibi alipogeuza kichwa kumkemea mtu wa mlangoni, nilibonyeza, filamu ikaruka. Akarudisha macho kwenye kioo.

"Bwana yangu."

"Ndiyo, bibi."

"Shangazi yako alikuwa anainua kikombe. Alikunywa ao hakukunywa?"

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Nikakiri yote: mashine inaishiwa nguvu, mkeka uko mbele sana, tukifuata kila mtu hatutaufikia. Kicheko kikaisha. Bibi akalishika lile boksi dogo kwa mikono miwili.

"Mukeka iko? Wewe umeiona?"

"Nimeiona, bibi."

"Wewe unanipenda. Unaweza kunidanganya. Peleka pale."

Nikapeleka. Uani kwa wakwe, dada ameketi, sketi imefunika karibu kila kitu, na pembeni mwa sketi ukingo mweusi. Nikasimamisha. Bibi akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo. Akakifuta kwa kanga, akasogea tena, akaweka kidole, akahesabu nyuzi kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, polepole.

"Ukingo kama huu," akasema mwishoni, "wanawake wengi wanausuka."

Nikaona yote ni bure. Safari yote, daftari lote, na dada yangu Jumapili baada ya Jumapili. Sikuwa na la kufanya ila kuiacha picha isonge mbele kidogo kidogo. Dada akajigeuza kupokea kikombe cha maji, sketi ikasogea, na pembe ya mkeka ikatoka.

Bibi alipiga ukelele. Nilidhani ameumwa na kitu.

"Kosa yangu! Angalieni kosa yangu!" Sasa akaigeuza kompyuta kwa watu, akiwaonyesha kwa kidole. Pembeni mwa mkeka ukingo mweusi ulikatika, mistari mitatu ikaendelea bila rangi. "Majani nyeusi yaliniishia! Nikasema mujini hawatajua, kona hii wataiweka nyuma. Wameiweka mbele! Mbele ya wakwe!" Alicheka huku machozi yakimtoka, akijipiga paja. "Basi wameikalia. Wameikalia kweli. Hakuna mwanamuke mwingine mwenye kosa kama hii."

Kila mtu alitaka kuliona kosa. Kompyuta ikapita kutoka mkono hadi mkono juu ya vichwa, nami nikiifuata kwa hofu, mpaka ilipofika mlangoni ikazimika.

"Imekufa?" bibi akauliza.

"Imelala tu."

"Iache ilale. Wewe nenda ukamwambie dada yako amulete bwana yake Jumapili. Kuku nitachinja mwenyewe."

Simu haishiki kijijini, mpaka upande kilima kilicho nyuma ya shule. Sikuwa nimepanda kilima kwa mbio tangu utoto, na siku ile sikuwaza hata kidogo kwamba ningeweza kuteleza. Dada alipokea mara ya kwanza tu simu ilipoita.

"Amesema nini?" aliuliza kabla sijasalimu. "Sema vile alivyosema. Usiongeze."

"Amesema mumemuaibisha mbele ya wakwe. Na mukuje Jumapili."

Nilisikia vigelegele, halafu vishindo vya miguu, na sauti yake ikimwita mumewe kwa mbali aache anachofanya, aache sasa hivi. Kisha mtandao ukakatika. Nikapiga tena, ingawa sikuwa na neno jingine la kumwambia.