Kuku Aliyekula Viinitete vya Mawe

Mimi nikikasirika sioni mbele. Nasema mapema, usije ukanionea huruma bure.

Nilikuwa nimerudi Kitengela kwa mama, kuandika tasnifu. Mwalimu wangu alikuwa ameniazima chembe ishirini za mawe, ndogo kama punje za wimbi, ndani ya kichupa cha dawa. Zilikuwa viinitete, vijusi vichanga vya wanyama wa kale kabisa, vilivyogeuka mawe kabla havijaanguliwa. Kwenye darubini uliona seli zimegawanyika mbili, nne, nane. Na katika chembe moja, moja tu, mwili ulikuwa umeanza kuwa na kushoto na kulia. Digrii yangu yote ilikuwa humo.

Asubuhi moja nikakuta kichupa kimeoshwa, kimeanikwa dirishani.

"Mama, mawe yangu yako wapi?"

"Si nimempa yule kuku anaatamia? Hatoki nje, atapata wapi mchanga wa kusaga chakula? Nikaona uko na changarawe safi."

Ngai! Nilipiga meza teke, vikombe vikapasuka. Nikamtukana mama yangu mzazi, maneno ambayo siwezi kuyarudia. Nikachukua kisu.

Akanizuia mlangoni pa banda. "Ngoja kesho kutwa tu. Vifaranga wameshaanza kulia ndani ya mayai. Sikiliza!"

"Kesho kutwa atakuwa amezisaga zote!"

Nikamsukuma, akaangukia debe la maji. Nikamvuta kuku kwa shingo, nikakata, damu ikaruka juu ya mayai. Kichwa kilibaki mkononi mwangu, na mabawa bado yanapiga chini. Nikapasua firigisi. Nikapata chembe tatu, zimesuguliwa laini kama shanga. Siku nzima nilichekecha kinyesi na matandiko ya banda, nikilia kwa hasira, na sikupata nyingine.

Mama alikuwa ameyafunga mayai kwa leso, akakaa nayo karibu na jiko. Lakini yalikuwa yamekaa sana kwenye upepo, yakapoa, wakati anahangaika kujiinua pale kwenye maji. Jioni akaja mezani na yai moja, akalivunja mbele yangu. Kifaranga alikuwa amekufa, lakini amekamilika kabisa: bawa huku, bawa huku, jicho huku, jicho huku. Akamlaza kando ya chembe zangu tatu.

"Hizi zako zilikufa lini?" akauliza.

Nikazivuta chembe zangu upande wangu.

"Huyu alikuwa analia asubuhi," akasema, akaenda kubadilisha nguo, ambazo bado zilikuwa mbichi.